Sanduku la Mwaka Ule

Dada yangu mpendwa,

Salamu zangu zikukute umekaa, si umesimama unabishana na mteja anayedai gauni lake. Hujambo? Mgongo je, yale maumivu uliyosema yanapanda hadi begani yamepungua? Na Mama anaendeleaje na kikohozi? Mhimize aimalize ile dawa hata kama anasema ina ladha ya mafuta ya taa. Sisi huku tu wazima. Mke wangu hajambo. Binti yako naye hajambo, ila meno mawili ya mbele yameng'oka, na sasa akitamka "shangazi" ni kama mtu anayepuliza chai ya moto. Amenituma nikuambie kwamba gauni lake la safari hii liwe na mifuko, maana gauni lisilo na mifuko, anasema, ni kazi ya bure. Mimi nami nasema sijambo, kwa kuwa sijui barua inavyoanza bila neno hilo.

Barua yako niliipata wiki tatu zilizopita na nimeisoma hadi mikunjo yake imeanza kukatika. Umesema mwenye nyumba ameuza, mnunuzi anataka kubomoa, na mmepewa hadi mwisho wa mwezi ujao muwe mmetoka. Umesema umepata vyumba viwili vizuri vyenye maji ndani, na Mama amekataa hata kwenda kuvitazama. Eti amekaa kwenye kiti chake akasema yeye hatoki; Chiriku akirudi atawakuta wapi, atamuuliza nani, atasimama mbele ya kifusi kama mtoto aliyepotea sokoni. Ukaniomba nije nimshawishi, kwa kuwa mimi ndiye anayenisikiliza, mimi ndiye msomi, na mimi ndiye niliyehangaika kumtafuta huyo Chiriku, mdogo wetu, huku mjini. Dada, ni maneno hayo ya mwisho yaliyonifanya nikae siku zote hizo bila kujibu.

Sikupiga simu kwa sababu simu yako inasikika chumba kizima, na Mama akiisikia sauti yangu hukunyang'anya. Ndiyo maana nimeandika, na nimeituma barua dukani kwako, si nyumbani. Isome huko huko, nyuma ya cherehani, mlango ukiwa umeurudisha.

Nivumilie nianzie mbali, kwenye mambo ya darasa langu. Nikianzia karibu sitafika.

Mwaka huu chuo chetu kimefungua darasa la sayansi ya uchunguzi wa jinai. Wanafunzi ni ishirini na wawili, na wengi wao wameletwa na filamu. Walidhani ni kazi ya kuvaa koti jeupe, kuokota unywele mmoja kwenye zulia, na muuaji akakamatwa kabla ya chakula cha mchana. Mkuu wa idara, ambaye wanafunzi wanamwita Mzee Kesho kwa kuwa hilo ndilo jibu lake kwa kila ombi, alinikabidhi mimi sehemu ya vinasaba. Akaniambia nichague mazoezi mawili ya maabara ambayo wanafunzi watayafanya kwa mikono yao wenyewe, nimwandikie sababu zangu, naye ataidhinisha. Lini? Kesho.

Nilileta katalogi ya mazoezi ya maabara nyumbani nikaikalia jikoni siku mbili. Zoezi la kwanza lilikuwa la kuponda ndizi mbivu kwa sabuni na chumvi, kisha unamimina spiriti baridi taratibu, na vinasaba vinapanda juu kama nyuzi nyeupe za ute. Hilo linapendwa na kila mtu, hata mke wangu alilitaka. La pili lilikuja ndani ya boksi la rangi za kuvutia: kesi ya kubuni ya mtu aliyeiba keki kwenye sherehe, washukiwa wanne, vichupa vyote vimetengenezwa kiwandani, na jibu limefungwa ndani ya bahasha ili mwalimu asiaibike. La tatu lilitaka kila mwanafunzi achukue mate ya wazazi na ndugu zake ili wapime undugu. Hilo nililikataa papo hapo. Ziko nyumba nyingi zimesimama hadi leo kwa sababu hakuna aliyeuliza swali.

La nne halikuwa kwenye katalogi. Lilikuja kwa barua kutoka maabara ya serikali. Kule wanahifadhi vinasaba vya watu waliookotwa wamekufa, wasiojulikana majina, ambao hata sura zao hazikuweza kutambuliwa. Wanavihifadhi miaka saba, wakisubiri ndugu yeyote aje atoe sampuli yake ilinganishwe. Miaka saba ikipita bila mtu kuja, kompyuta huacha kuvilinganisha, na vichupa huwekwa foleni ya kuteketezwa. Barua ilisema vyuo vyenye darasa kama letu vinaweza kuomba sanduku moja kwa ajili ya mazoezi. Vichupa havina jina, vina namba na mwaka tu. Mkimaliza mnavirudisha, vinachomwa, mnaandikiana hati, basi.

Mzee Kesho alitaka keki. Alisema wazazi wakija siku ya maonyesho watafurahi kuona keki, lakini nani atafurahi kuoneshwa maiti? Nilimjibu kwamba mwanafunzi anayejua jibu limo ndani ya bahasha hataogopa kukosea, na fundi asiyeogopa kukosea siku moja atamfunga mtu asiye na hatia. Nikamwambia sampuli za kiwandani ni safi mno, za kweli zimekatikakatika, zimezeeka, zinakataa kusema. Nikamwambia hawa vijana lazima wajifunze kuwa nyuma ya kila kichupa kuna mtu. Niliongea vizuri sana siku ile, Dada. Ningekuwa mimi ndiye mkuu wa idara ningelia. Yeye alijikuna kidevu, akaandika kwamba ndizi na sanduku vimekubaliwa, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alitia saini siku hiyo hiyo.

Kwenye maabara ya serikali anayetunza friza ni mama mmoja wa makamo anayevaa sweta mbili hata wakati wa joto. Wenzake wanamwita Bibi Barafu, naye anaitika. Alinikaribisha, akanipa kiti, akaniuliza habari za nyumbani. Halafu akaniuliza nataka sanduku la mwaka gani, maana yaliyokuwa yanasubiri kuchomwa yalikuwa matatu. Nikamtajia mwaka. Wewe unayesoma hapa nadhani umeshaujua. Ni ule ambao Chiriku alipotea, miezi miwili kabla binti yangu hajazaliwa.

Siku ya zoezi niliwapanga wanafunzi wawili wawili. Zana zetu unazijua, nilikusimulia: mashine ya kuzidisha vinasaba tuliyopewa na hospitali ilipochoka nayo, kifuniko chake tunakikandamiza kwa kamusi, pipeti sita za kunyonyea matone, na mbili zinavuja. Kabla hatujaanza niliwaeleza kuwa hivi vichupa si vya kiwandani. Nikawaambia hawa walikuwa watu, walivaa viatu, walikuwa na mtu waliyemkasirisha. Yupo mmoja wanayemwita Profesa, mchekeshaji wa darasa, ambaye hajawahi kukaa dakika tano bila kutania; siku ile hakusema neno. Walivaa glavu taratibu kama wanaovaa nguo za msiba.

Ili wajifunze kulinganisha, walihitaji sampuli moja ya mtu anayejulikana. Nikapitisha kijiti cha pamba ndani ya shavu langu mbele yao. Nikawaambia mimi ndiye mfano, fanyeni kama vile nimekuja kumtafuta ndugu yangu.

Ndiyo, niliyasema hayo kwa mdomo huu.

Tulichopima ni kipande ambacho mwanamume hukirithi kutoka kwa baba yake karibu kama kilivyo, na baba kutoka kwa babu. Wanaume wa baba mmoja wanakuwa nacho sawa. Kwenye jeli, ule ute ulioganda tunaopitishia vinasaba kwa umeme, kinaonekana kama mistari midogo iliyopangwa, kila mtu na mpangilio wake. Tulipima sehemu nane. Kazi ile ilichukua siku tatu. Siku ya tatu, karibu saa nane mchana, binti mmoja tunayemwita Bi Kwanini, kwa sababu anauliza kwanini hata ukimwambia leo ni Jumanne, aliinua mkono. Aliinamia jeli yake, akanitazama, akaiinamia tena. Akasema, "Mwalimu, mbona huyu wa arobaini na moja anafanana na wewe?"

Darasa lilicheka. Profesa alipata ulimi wake, akasema mwalimu amejiua mwenyewe, afungwe pingu. Na mimi nilicheka, Dada. Nilicheka kwa sauti. Kisha nikamwambia yule binti kwamba amechafua sampuli, kwamba mate yangu yameingia kwenye kichupa kwa uzembe wake, na nikaandika kwa kalamu nyekundu juu ya ripoti yake: Uchafuzi. Rudia. Ilikuwa ripoti yake ya kwanza. Alikwenda kulia nyuma ya stoo, na wenzake ndio walioniambia.

Niliwapa wanafunzi wengine wawili warudie, mimi nikiwa nimetoka chumbani kabisa, nimesimama uani ili hata pumzi yangu isiifikie kazi yao. Mistari ikatoka vile vile. Sehemu zote nane.

Wiki nzima niliishi kwa kujidanganya. Nilijiambia sehemu nane ni chache, ukoo ni mpana, babu zetu walitembea. Anaweza akawa mtu wa ukoo wa mbali ambaye hatujawahi hata kumsikia. Nilihesabu wanaume wa upande wa Baba kwa vidole: baba mdogo hakupata mtoto wa kiume, binamu za Baba wote tuliwazika sisi wenyewe kwa majina yao. Nilipomaliza vidole, nilivaa shati safi nikarudi kwa Bibi Barafu, si kama mwalimu bali kama watu wengine wanavyokwenda. Nikamwambia nataka kutoa sampuli ya kumtafuta ndugu, nikamwekea mezani kichupa namba arobaini na moja ilinganishwe nacho.

Alinipa fomu, akaniwekea glasi ya maji pembeni. Nadhani alishaelewa siku ile ile nilipotaja mwaka.

Sasa Dada, acha mkasi chini kama umeushika.

Nilikwambia, wewe na Mama, miaka saba iliyopita, kwamba nimekwenda kule mochwari kuu na nimetoa sampuli yangu, na wamepima, na Chiriku hayumo. Nilikwambia kwa simu, ukiwa umesimama barabarani, na ulipiga kelele ya furaha hadi watu wakakugeukia. Wewe mwenyewe ndiye uliyenisimulia. Mama alifunga siku tatu za kushukuru. Kutokana na neno langu mliamini kwamba yu hai mahali fulani, labda amevuka mpaka, labda amefungwa, labda ana hasira na sisi tu. Kutokana na neno langu Mama amekaa kwenye kiti kile akitazama mlango.

Sikutoa sampuli. Sikupimwa. Hakuna aliyeniambia hayumo.

Nilikwenda kweli, wiki ya tatu tangu apotee, kama ulivyoniomba. Nilifika hadi kwenye korido ile yenye benchi refu na harufu ya dawa ya sakafu. Nilipewa fomu. Nikajaza jina la ndugu, umri, urefu, alama za mwilini. Nikaandika kovu la kwenye goti alilolipata alipokuwa akikufukuza na jongoo. Swali la tisa likauliza: mara ya mwisho ulimwona lini, wapi, na mlizungumza nini?

Ninyi niliwaambia kwamba nilikuwa sijamwona kwa zaidi ya mwezi. Hilo nalo ni uongo. Alikuja kwangu Jumamosi ile ile, asubuhi, siku ambayo baada yake hakuna mtu aliyemwona tena. Unakumbuka alikuwa ameshakaa kwangu mara mbili. Mara ya kwanza baada ya kugombana na msimamizi kule kiwanda cha uchapaji, mara ya pili baada ya chumba chake kufungwa. Mke wangu alikuwa mjamzito, anatapika, na Chiriku unamjua, hanyamazi. Ataongea tangu anapoamka, ataongea na bomba, ataongea na paka wa jirani. Mara ya pili tuliachana vibaya. Nilimwambia mtu mzima hafugwi.

Jumamosi ile mke wangu alikuwa kliniki. Nilimwona kupitia pazia akija, amebeba begi lake la kamba. Nikakaa chini, kwenye sakafu, chini ya dirisha. Akabisha hodi. Akabisha tena. Halafu akasema, bila hasira yoyote, kama mtu anayezungumza na mgonjwa, "Kaka, najua upo. Viatu vyako viko hapa mlangoni." Sikuitika. Akasema ni siku mbili tu, na kwamba atakaa kimya, na wewe unajua ahadi hiyo ilimgharimu nini kuitamka. Sikuitika. Alikaa pale kizingitini muda ambao sikuupima. Kisha nikasikia kamba ya begi ikigusa ukuta, na nyayo.

Sasa ningeandika nini kwenye swali la tisa? Niliitazama ile fomu hadi karani akaja kuniuliza kama najua kusoma. Nikamwambia nimesahau kitambulisho, narudi mara moja. Niliikunja nikatoka nayo. Jioni hiyo nikakupigia simu.

Nilidhani ni uongo wa siku mbili. Nilidhani atatokea mwenyewe, ananuka jasho na hadithi, na uongo wangu utafia hapo bila mtu kuuona. Mwezi ukapita, mwaka ukapita, na kila ulipokuwa ukiniambia kwamba Mama anasali, nilizidi kushindwa. Uongo ukishalala nyumbani kwako miaka miwili, kuufukuza ni kama kumfukuza mzazi. Ndiyo maana niliichukua kazi ya kufundisha vinasaba. Ndiyo maana niliikataa keki. Yale niliyomwambia Mzee Kesho kuhusu kuwafundisha vijana woga yalikuwa kweli, lakini si sababu yangu. Sababu yangu ni kwamba nilitaka kumtafuta ndugu yangu bila mtu kujua kwamba sikuwahi kumtafuta. Nilitumia watoto wa watu ishirini na wawili kufanya kazi ambayo ingenichukua dakika tano na kijiti cha pamba.

Majibu ya serikali yalitoka Alhamisi iliyopita. Hao walipima kila kitu, si sehemu nane. Kichupa namba arobaini na moja ni mtoto wa baba na mama yetu. Ni Chiriku, Dada. Hakuna tena nafasi ya kusema labda.

Bibi Barafu alinifungulia jalada. Aligongwa na lori Jumamosi hiyo hiyo, saa tisa mchana, kwenye barabara ya viwandani, dereva hakusimama. Hakuwa na kitambulisho, na uso wake haukufaa kuoneshwa mtu. Wameandika kwamba alikufa papo hapo. Sijui kama huwa wanaandika hivyo kwa wote. Alihifadhiwa siku tisini akisubiri ndugu wa kumchukua. Nilihesabu. Siku niliyokaa kwenye benchi lile na fomu mkononi ilikuwa ya ishirini yake. Alikuwa upande wa pili wa ukuta. Ningejibu swali lile moja tungemsafirisha nyumbani, tungemzika karibu na Baba, wewe ungeolewa, Mama angelia akamaliza.

Nilifikiri angalau nitakuletea kaburi. Nilikwenda juzi na namba ya kiwanja mkononi. Mlinzi wa makaburi ya jiji alikuwa mtu mpole, akaenda nami hadi mwisho wa ukuta. Akanieleza kwamba upande ule, wa wasio na wenyewe, hukaa miaka mitano. Ikitimia, ardhi hupangwa upya, na mifupa iliyopatikana hukusanywa pamoja kwenye shimo moja. Nikamuuliza shimo liko wapi. Akanionesha mahali palipojengwa kibanda cha pampu ya maji. Akaniambia pole, kisha akarudi kwenye redio yake. Hakuna cha kuleta nyumbani. Kichupa chenyewe tulikwisha kukitumia karibu chote. Tone lililobaki ndilo lililowatosha wao kupima, nalo limekwisha.

Yule fundi saa wa duka la jirani yako alikusubiri miaka mitano, nawe ukimwambia huwezi kumwacha Mama peke yake na mlango ule. Mwaka jana uliniandikia kwamba ameoa, ukaweka na mzaha kwamba hata saa huchoka kusubiri. Nilicheka niliposoma, nikamsomea mke wangu. Sasa mzaha huo siwezi kuukumbuka nikatulia. Nimeila miaka yako, Dada, na siwezi kuitapika.

Mke wangu nimemwambia juzi usiku. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kitu kimoja tu: Jumamosi ile aliporudi kutoka kliniki na kuniuliza kama kuna mtu aliyekuja, nilimjibu nini. Nikamwambia nilisema hakuna. Akainuka akaenda kulala kwa mtoto, na yuko huko hadi sasa.

Bi Kwanini nimemrudishia alama zake zote. Ameniuliza kwanini. Na jana Mzee Kesho aliniita akanipongeza, akasema wakaguzi wameipenda sana kazi ya wanafunzi wangu, hawajaona darasa lililojifunza kwa umakini kiasi kile, na kwamba muhula ujao turudie zoezi hilo hilo kwa sanduku jingine. Alikuwa ameshajaza ombi. Kilichobaki kilikuwa saini yangu, nami nikaitia, kwa kuwa sikuwa na sababu ya kukataa ambayo ningeweza kuitamka ofisini.

Kuhusu kuhama, sina ushauri. Ukimwambia Mama ukweli, atatoka kwenye nyumba ile, lakini sijui atatoka akiwa nani. Usipomwambia, watakuja na mashine zao na atakuwa bado amekaa. Nimezigeuza njia hizo mbili kila usiku na sijaona ya tatu. Najua ninakutwisha mzigo ambao ni wangu, tena baada ya kukulia miaka yako saba. Ningeubeba mwenyewe kama ningejua kwamba nikifika mlangoni na kumtazama Mama usoni sitasema uongo mwingine. Sijiamini. Nimejipima hapo pia, na majibu nimeyapata.

Siombi unisamehe; neno hilo naona ni kubwa kuliko haki yangu. Ukitaka nije, nitakuja siku utakayotaja. Ukitaka nisionekane tena nyumbani, usijibu, nami nitaelewa. Hati ya kifo wataitoa ndani ya wiki mbili, na nitaituma kwa jina lako dukani.

Wasalimie wasichana wako wa dukani, na yule mzee wa kuuza vifungo kama bado anapita. Msalimie fundi saa na mkewe, kama mnasalimiana. Mtoto anakusalimu sana na anasisitiza ile mifuko. Mke wangu sijamuuliza, lakini najua angekusalimu.

Kwa Mama nimekaa na kalamu hapa kwa muda mrefu. Kila barua niliyowahi kukuandikia imeishia na salamu zake, na wewe humsomea mstari huo kwa sauti. Safari hii sina cha kumwandikia ambacho utaweza kumsomea.

Ni mimi mdogo wako,
yule wa katikati.